Si droni, si kichezeo: kuyaelewa mashindano ya magari ya rimoti

Jumamosi ya kwanza nilipofika na begi langu kwenye kiwanja cha shule moja huku Bombo, Uganda, askari wa getini alilifungua, akaona magurudumu, nyaya na rimoti, akarudi nyuma hatua moja. "Mzee, hii droni unayo kibali chake?" Nikamjibu, "Afande, si droni, ni gari." Akaliinua kwa mkono mmoja, akalipimapima uzito, akashangaa. "Gari la mtoto linakuwa zito hivi?"

Maswali yake hayo mawili ndiyo ninayoulizwa kila mahali, kwenye taksi ya kwenda Kampala na hata matangani, tangu video fupi za magari haya zianze kuzunguka kwenye simu za watu. Mmoja ana hakika kwamba ukikamatwa nalo utadaiwa leseni. Mwingine anasema ni mchezo wa watoto wa matajiri. Wa tatu anadhani yanaendeshwa kwa intaneti, bando likiisha yanasimama. Nimeona niyaeleze yote mahali pamoja, kuanzia chini kabisa, kwa sababu mchezo huu naupenda na sipendi uogopwe bure.

Fuata amri moja tu. Umeshika rimoti yenye umbo la bastola, kidole cha shahada kiko kwenye kifyatulio, mkono wa pili uko kwenye usukani mdogo wa sponji ubavuni. Ukivuta kifyatulio, rimoti inatuma mawimbi ya redio. Ndani ya gari kuna kisanduku kinachokaribia ukubwa wa kiberiti, kinaitwa risiva, nacho kinayapokea. Risiva inaigawa amri. Ya mwendo inakwenda kwenye kidhibiti mwendo, ambacho kinaamua umeme kiasi gani utoke kwenye betri kuingia kwenye mota. Ya kona inakwenda kwenye sevo, mota ndogo yenye mkono mfupi unaosukuma na kuvuta vyuma vya usukani wa magurudumu ya mbele. Basi. Hakuna laini ya simu wala bando. Ni redio, jambo la zamani sana: Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua inayoongozwa hivyo mwaka 1898.

Na aliyewahi kutengeneza gari la waya utotoni, lile la magurudumu ya ndala na fimbo ndefu ya usukani inayofika kifuani, vyuma vile vya mbele anavijua tayari. Kanuni ni ileile. Zamani tuliigeuza kwa mikono yetu, hapa inageuzwa na sevo.

Sasa kibali. Droni ni chombo kinachoruka, na kila kinachoruka katika anga ya Uganda kiko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ndiyo maana kuiingiza nchini au kuirusha bila ruhusa kunamponza mtu. Gari letu haliruki, kwa hiyo sheria za anga haziligusi. Upande wa redio nao hauna siri: rimoti za siku hizi zinatumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth, kwa nguvu ndogo. Huombi leseni kuwasha Wi-Fi sebuleni. Anayefunga kamera ya kurusha picha kwa nguvu kubwa ameingia katika mambo mengine, na huyo ndiye anayepaswa kuuliza kwanza.

Watu huuliza pia: magari kumi yakiwa kiwanjani pamoja, rimoti hazigongani? Zamani zilikuwa zinagongana kweli. Rimoti za masafa ya 27 MHz zilikuwa na njia chache, wawili wakiwa kwenye njia moja, gari la huyu linamtii yule. Za sasa zinaoanishwa: risiva inakariri rimoti yake siku ya kwanza, na tangu hapo haimsikilizi mwingine. Fikiria stendi ya taksi saa kumi na moja jioni, makondakta wote wanapiga kelele, na mtoto aliyepotea anasikia sauti moja tu, ya mama yake.

Mstari unaopita kati ya kichezeo na gari la mashindano

Hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa, na wengi wanauchora mstari huu mahali pasipo pake. Wanadhani ni mwendo, au bei. Mimi nasema ni skrubu.

Mpwa wangu alinunuliwa gari la rimoti kwenye duka moja la katikati ya jiji, jekundu, lenye taa na mlio. Wiki ya pili likafa. Akaniletea, "Mjomba, nitengenezee." Nikalifungua. Ndani kulikuwa na kibao kimoja cha saketi ambacho risiva, kidhibiti mwendo na vyote vingine vimelehemewa juu yake. Kipande kimoja kimeungua, na hakuna popote duniani panapouzwa hicho kipande peke yake. Chesi imegandishwa kwa gundi. Gari zima likawa takataka kwa ajili ya kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Hicho ndicho kichezeo: kimetengenezwa kisifunguliwe. Hata usukani wake ulikuwa na hali tatu tu, kushoto kabisa, katikati, kulia kabisa, na mwendo wake ulikuwa kukimbia au kusimama.

Gari la mashindano limetengenezwa lifunguliwe. Kila kipande kina namba yake na kinauzwa peke yake: mkono wa gurudumu, beringi, gia, shokapu. Ukigusa usukani kidogo linapinda kidogo, ukivuta kifyatulio robo linakwenda robo. Shokapu zake zina mafuta ya silikoni ambayo unaweza kuyamwaga ukatia mazito zaidi au mepesi zaidi. Difu yake ni difu kweli, yenye gia ndogo ndani, ile kazi ya kuruhusu gurudumu la nje ya kona lizunguke kwa kasi kuliko la ndani. Fundi wa gereji akilifungua haoni kitu kigeni hata kimoja. Anaona Corolla iliyonywea.

Kampuni ya Tamiya ya Japani ndiyo iliyowafanya watu wengi wa kawaida waingie katika mchezo huu. Gari lake la kwanza la rimoti, lililotoka mwaka 1976, lilikuwa Porsche 934 ya ukubwa wa 1/12. Ili waitengeneze sawasawa, wenye kampuni walinunua Porsche 911 halisi, wakaifumua kipande kwa kipande waone ilivyofungwa. Kwangu hiyo ndiyo roho ya jambo lenyewe, kuanzia kiwandani hadi mezani kwako.

Ile 1/10 na ile 1/8

Namba hizi zinasumbua watu bila sababu. 1/10 maana yake urefu umegawanywa kwa kumi, 1/8 umegawanywa kwa nane. Gari halisi la mita 4.5 linakuwa sentimita 45. Lakini uzito haugawanywi kwa kumi, kwa sababu umepunguza urefu, upana na kimo vyote vitatu. Unagawanya kwa kumi mara tatu, yaani kwa elfu moja. Gari la kilo 1,500 linakuwa kilo moja na nusu, na hapo ndipo ulipo uzito wa magari mengi ya barabarani ya 1/10.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini gari hili linabiringika mara nne, linaangukia magurudumu yake na kuendelea na safari. Mende akianguka kutoka darini anaondoka zake. Ng'ombe hawezi kuanguka kutoka huko akabaki mzima. Kitu kikiwa kidogo, uzito wake unapungua haraka kuliko nguvu ya viungo vyake.

Ni hesabu hiyohiyo inayovunja uongo mmoja maarufu wa mitandaoni, kwamba gari la 1/10 likikimbia kilomita 50 kwa saa "ni sawa na 500 za gari halisi". Si sawa. Kilomita 50 ni 50. Hewa, vumbi na mvuto wa dunia havijapunguzwa kwa kumi kwa ajili yetu. Ila ukilitazama likipita miguuni mwako, jicho linadanganyika, na kusema kweli udanganyifu huo ni mtamu.

Betri, mahali pa kuchelewa kidogo

Ningependa msomaji akae hapa, maana hapa ndipo pesa zinapopotea na ndipo nyumba zinapoweza kuungua.

Betri zinazotumika sana ni za lipo, yaani lithiamu polima. Juu yake kumeandikwa mambo matatu. Chukua tangi la maji juu ya mnara. Volti ni urefu wa mnara: tangi likiwa juu zaidi, maji yanashuka kwa nguvu zaidi. mAh ni ukubwa wa tangi. C ni upana wa bomba linaloteremka. Mtu anayenunua betri ya mAh nyingi akitegemea gari lizidi mbio amenunua tangi kubwa kwenye mnara uleule. Atakimbia muda mrefu zaidi, na pengine polepole kidogo, kwa sababu betri kubwa ni nzito.

Seli moja ya lipo huhesabiwa volti 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Seli mbili zikiunganishwa kwa mfululizo ni 7.4, nayo ndiyo inayoandikwa 2S. Tatu ni 11.1, 3S. Usiishushe seli chini ya volti 3, itaharibika na hairudi. Kama hutaendesha kwa wiki kadhaa, iache kwenye 3.8 hivi, si tupu na si imejaa.

Sasa hatari. Sisi tumezoea kuchomeka kila kitu umeme unaporudi na kukiacha hadi asubuhi, maana hujui utakatika tena lini. Simu inavumilia kwa sababu ina kilinzi ndani yake. Lipo ya gari haina. Inachajiwa kwa chaja yake maalumu, yenye waya mdogo wa kusawazisha seli, na wewe ukiwa macho. Betri ya mAh 5000 ukiichaji kwa ampea 5 inachukua kama saa moja. Mimi naiweka ndani ya chungu cha udongo juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro. Ikivimba kama andazi, safari yake imekwisha, hata kama bado inasukuma gari. Na usilale inachaji. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao.

Kwa wanaoagiza kupitia ndugu walio Dubai au London: betri za akiba zinasafiri kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo wa chini ya ndege. Kipimo kinachoangaliwa ni watt-saa, na mpaka wa kawaida bila kuomba ruhusa ni 100. Zidisha volti kwa ampea-saa (mAh 5000 ni ampea-saa 5): 7.4 mara 5 ni 37. Uko salama kabisa, ila funika vituo vyake kwa selotepu visigusane.

Chaja nyingi zinakubali pia umeme wa volti 12, kwa hiyo betri ya gari la kawaida inatosha kutuhudumia kiwanjani, umeme uwepo usiwepo.

Mota na gia

Mota ziko aina mbili. Ya zamani ina makaa, vipande vidogo vya kaboni vinavyosuguana na sehemu inayozunguka na kuipa umeme. Ni rahisi, lakini makaa yanakwisha kama yale ya stata ya gari. Ya kisasa haina makaa, kidhibiti mwendo chenyewe ndicho kinachozungusha umeme kwenye nyaya za mota. Haichoki upesi, na inatumia betri vizuri zaidi.

Juu ya mota za kisasa utaona namba kama 3300 kV. Hiyo si kilovolti, na wengi wanapotea hapo. Maana yake ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Kwa volti 7.4, mota ya 3300 inazunguka mara 24,420 kwa dakika ikiwa haijafungwa mzigo. Gia zikiipunguza mara kumi, gurudumu linazunguka mara 2,442. Tairi la kipenyo cha sentimita 8.5 linasonga kama sentimita 27 kila mzunguko. Piga hesabu na utapata karibu kilomita 39 kwa saa. Kiwanjani itapungua, kwa sababu mzigo upo na vumbi lipo, lakini sasa unajua namba zinatoka wapi.

Ukitaka zaidi, unaweka gia ndogo ya mota yenye meno mengi kidogo. Mwendo wa juu unaongezeka, ila mota inafanya kazi ngumu zaidi na joto linapanda. Baada ya dakika tano iguse. Kidole kikishindwa kukaa, umezidisha, punguza meno.

Na kuna ufundi mmoja mdogo ambao nilifundishwa siku yangu ya kwanza na sijauacha. Gia mbili zikibanana sana zinalia na kujila. Zikiachana sana zinarukana na kung'oa meno. Chukua kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe katikati ya meno, sukuma mota mpaka gia ziibane karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha gurudumu karatasi itoke. Ikitoka imekunjwakunjwa kama paa la mabati lakini haijatoboka, nafasi ni sahihi. Unene wa karatasi ndio pumzi ambayo gia zinahitaji.

Yapo pia magari ya injini, ya "nitro". Wengi wanaoyasikia yakinguruma wanadhani yanakunywa petroli ya boda. Hapana. Mafuta yake ni methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha. Plagi yake ina waya wenye platini, ambao ukishapashwa moto mara moja unaendelea kuwaka kwa kugusana na methanoli. Petroli haiwezi kuufanyia hivyo. Wenye injini inabidi pia wairekebishe kwa hewa ya huku, kwani Kampala iko mita karibu 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Na methanoli ni sumu, ileile iliyochanganywa kwenye pombe na kuua makumi ya watu upande wa Kabale mwaka 2010. Chupa yake isikae karibu na ya maji. Anayeanza namshauri aanze na umeme.

Mashindano yenyewe

Kwanza kuna raundi za kupanga nafasi. Kwa magari ya umeme huwa dakika tano. Kila gari lina kitambulishi kidogo, na chini ya mstari wa kumalizia kuna waya uliofukiwa unaolihesabu kila linapopita. Anayefanya mizunguko mingi, au mizunguko sawa kwa muda mfupi, anaanza mbele. Kisha zinakuja fainali, na wenye kasi zinazokaribiana wanawekwa pamoja, kwa hiyo anayeanza hakimbizwi na bingwa.

Waendeshaji wote wanasimama juu ya jukwaa moja, hawakimbii pembeni mwa gari. Na anayetoka kuendesha anashuka kwenda kusimama kwenye kona, kuinua magari ya wengine yanayopinduka. Kazi hiyo haikwepeki. Nimemwona mtu mzima, mwenye cheo chake, akikimbilia gari la mtoto wa miaka kumi na mbili aliloligonga mwenyewe raundi iliyopita.

Watu wanadhani gari lenye mbio zaidi ndilo linaloshinda. Tazama hesabu. Mzunguko ukiwa wa sekunde 20, dakika tano ni mizunguko 15. Ukipinduka mara moja, hadi wa kwenye kona afike, aliinue, uondoke tena, sekunde nane zimekwenda. Mara mbili, na karibu umepoteza mzunguko mzima. Aliyekwenda sekunde 21 kila mzunguko bila kugusa kitu amekupita na wala hajui. Ndiyo maana yapo madaraja ambayo wote wanalazimishwa mota ya aina moja: mfuko unanyamazishwa, mkono ndio unaosema.

Huo mkono una mtihani wake. Gari likienda mbali nawe, kulia ni kulia. Likigeuka kukujia, kulia kwake ni kushoto kwako. Kila mgeni hukosea hapo, na hakuna maelezo yanayosaidia. Ni mazoezi tu, mpaka siku moja unajikuta umekaa ndani ya gari akilini mwako.

Kimataifa mchezo unasimamiwa na shirikisho liitwalo IFMAR, lenye kanda nne. Sisi Waafrika tumewekwa kanda moja na Amerika ya Kusini.

Bei? Gari zuri la kuanzia, la 1/10 lililokuja tayari kuendeshwa, ni kama dola 200 hadi 400 kabla ya usafiri na ushuru. Ni pesa nyingi, sitalificha hilo. Lakini usinunue gari kwa kuangalia mwendo. Nunua lile ambalo vipuri vyake vinapatikana, na kama wenzako wanne wanaendesha aina moja, nunua hiyohiyo mkopeshane mikono na gia. Beringi zake ni za vipimo vya kawaida vya milimita, wauza beringi wanazo. Viwanja havitupi shida. Udongo huu mwekundu wa moramu, ukimwagiwa maji asubuhi na kushindiliwa, unashika tairi vizuri ajabu. Adui ni vumbi, linaloingia kwenye beringi na kuzisaga. Brashi ya kupakia rangi na dakika kumi jioni zinatosha. Usipige maji ya presha.

Yule askari hakunirudisha siku ile. Saa tisa alipopumzishwa zamu alikuja, akasimama nyuma ya jukwaa, na mwisho nikampa rimoti. Aliliondoa vizuri, likaenda hadi kona ya mwisho, likageuka kutujia. Akalivuta kulia kwake. Likaingia kwenye tairi kuukuu tulizopanga pembezoni, likalala chali, mkono wa gurudumu la mbele ukaning'inia.

Hakunirudishia rimoti. Aliiweka chini, akaenda mwenyewe kulichukua, akaligeuza, akachungulia pale palipokatika, akapitisha kucha juu ya skrubu.

"Mzee," aliita kutoka kule konani, "hii inafunguliwa na spana namba ngapi?"